Aliomba Kura, Nikampa Ugali

Mmeniomba niandike "kitu kifupi" cha kuwasaidia nyinyi mnaoanza kazi jikoni. Kifupi! Mtu amepika miaka ishirini na sita, nyinyi mnataka aiminye yote iingie kwenye ujumbe wa simu. Basi vumilieni. Mimi ni Mama Ciru, yule mama mnene mliyemkuta siku ya kuagwa kwake akilia, na huku analia bado anafunua sufuria aone kama zimesuguliwa. Nilistaafu mwaka jana. Naishi Kibomet, nina kuku kumi na mmoja na muda mwingi wa kuwafikiria.

Kazi yangu ilikuwa kuwapikia watu wasio na nyumba, kwanza Bungoma, halafu hapa Kitale. Ninachotaka kuwaeleza hasa ni jinsi nilivyomnyima mtu kura kwa wiki sita nikimpa ugali badala yake, na huku najiona mwema kweli kweli. Tutafika huko. Kwanza niwaseme kidogo, maana nafasi ya kuwasema bila kujibiwa siipati kila siku.

Wiki iliyopita nilipita kuwasalimu. Nikakuta mmevaa glavu mpaka karibu na viwiko, aproni zimepigwa pasi, mmependeza. Mmoja wenu, sitamtaja, alikuwa ameinama mbele ya mzee mmoja anamwambia kwa sauti kubwa, polepole, neno kwa neno: "Ba-ba, u-na-ta-ka mbo-ga?" Yule mzee alifundisha Kiswahili shule ya msingi kabla maisha hayajamgeuka. Anasikia vizuri kuliko mimi. Alikuwa kimya kwa sababu alikuwa anatafuta meno yake ya bandia mfukoni. Nilicheka mpaka nikatoka nje, halafu nikakumbuka ya kwangu nikaacha kucheka.

Nilipoanza kazi Bungoma nilikuwa msichana wa kujipenda. Nilikuwa na leso nyeupe, na kila saa ya kugawa chakula nilijifunga nayo puani. Nilijiambia ni mambo ya usafi. Siku ya tatu mama mmoja aliyekuwa akilala nyuma ya soko alinitazama kwa huruma, akasema, "Pole na mafua, binti." Kesho yake akaniletea ndimu mbili. Hebu fikiria, mtu hana mlango wa kufunga wala jiko la kuwasha, na ameenda kunitafutia ndimu mimi mwenye chumba na kitanda. Nilizipokea. Ningesema nini? Nikaenda nazo nyumbani, nikakaa kitandani nikaona aibu, na ile leso sikuivaa tena.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mpishi mkuu wa pale, Kukhu Nanjala. Kukhu ni nyanya kwa Kibukusu, na kila mtu alimwita hivyo, hata wazee waliomzidi umri. Yeye hakuwa mtu wa kufundisha kwa maneno mengi. Alikuwa na sheria moja: hakuna mtu anayepewa sahani kabla hajanawishwa mikono, na anayemnawisha anashika birika mwenyewe, anainama, anamwaga maji polepole. Sheria hiyo mimi niliiona ya kupoteza wakati. Watu mia moja na hamsini, maji tunachota mbali, kila mmoja amwagiwe kama mkwe? Nikapendekeza tuweke ndoo moja wajitumbukize mikono wenyewe.

Kukhu aliacha kukoroga. "Wewe msichana," akasema, "hata mgeni wa halusi si unamnawisha kwanza? Hawa wamekukosea nini?"

Mmesikia alivyosema: halusi. Ndivyo alivyozungumza, na ndivyo wengi wa Bungoma wanavyozungumza, l na r zinabadilishana viti. "Rete sufulia." "Weka mahalage." Siwacheki. Wazazi wangu walitoka Nyeri wakaja kulima mahindi huku Trans-Nzoia, na mama yangu mpaka leo anatuita mezani kwa kusema, "Njooni mkure." Mimi mwenyewe nikichoka ndivyo nasema. Nyumbani kwetu kula na kura ni neno moja, na hakuna aliyewahi kulala njaa kwa sababu hiyo.

Lakini Bungoma iliniponza mara moja. Jioni moja Kukhu aliniambia, "Kesho usisahau karamu." Nikasema sawa, Kukhu. Nilifurahi sana, nikajua ni sikukuu ya kitu fulani ambacho sikuambiwa. Niliroweka maharagwe mara mbili ya kawaida, nikaenda sokoni kuwabembeleza akina mama wa kabichi, nikamlilia mwenye bucha mpaka akanipa mifupa yenye nyama. Asubuhi Kukhu yuko mlangoni na daftari, anangoja kalamu. Tulitaka kuanza kuandika majina ya watu ili tuwaite kwa majina. Siku hiyo tulikula vizuri sana na hakuna jina hata moja lililoandikwa.

Tangu hapo nikajiwekea utaratibu. Mtu wa Bungoma akisema r, mimi nageuza kichwani inakuwa l. Akisema l, nageuza inakuwa r. Nikazoea, nikawa nafanya bila kufikiri, na nikajisifu kwamba sasa naelewa watu wa kila aina. Shikeni hapo.

Jiko la Kitale lilipofunguliwa karibu na soko, nikahamishwa kuja kulisimamia. Nilifurahi kurudi nyumbani. Niwape mambo mawili matatu ya jikoni, maana najua hamtaki kuuliza. Ugali wa watu wengi haupikwi katika sufuria moja kubwa; pika mbili, moja ianze dakika ishirini baada ya nyingine, ili wa mwisho kwenye foleni naye apate wa moto. Anayekula wa mwisho kila siku ugali wa baridi anajua umempangia nini. Unga ukitoka kisiagi, onja mkavu kwanza, kama umevunda usijidanganye na chumvi. Na usimjazie mtu sahani mpaka inamwagika bila kumwuliza. Uliza, "Nikuwekee kiasi gani?" Wengine matumbo yao yamezoea kidogo. Wengine wana haya. Mwingine atakwambia "kidogo tu" leo, na kesho atakwambia "jaza", na siku zote mbili anajua anachosema.

Hilo la mwisho nililijua, nikalifundisha miaka, na ndilo lililonishinda.

Sasa Wekesa. Mtamkuta, huwa anakuja saa nne asubuhi, mrefu, kofia ya sufu hata jua likiwaka. Ni mtu wa Myanga, kule Bungoma, fundi seremala. Alikuja Kitale na randa na msumeno ndani ya gunia, na analala barazani kwenye duka moja la vifaa. Nilipomwuliza zamani ilikuwaje, alinijibu kwa upole, "Mama Ciru, nilitoka Myanga na randa na msumeno. Hizo zingine haziko kwa gunia." Nikaelewa kwamba mlango umefungwa, nikaacha kubisha.

Hakuwa mtu wa kula tu na kuondoka. Wiki ya kwanza alianza kuosha sufuria bila kuombwa, na zikang'aa kuliko nilivyowahi kuzing'arisha. Kisha akaona watu wanakula wamechuchumaa ukutani, sahani magotini. Akawa anarudi jioni na mabanzi na vipande vya mbao walivyomwachia wapasuaji mbao, na kwa miezi miwili akatuundia meza mbili ndefu na mabenchi sita. Mabenchi yenyewe hayayumbi. Mnayakalia kila siku mkitazama simu, na sidhani kuna hata mmoja wenu aliyejiuliza yalitoka wapi.

Watu wakaanza kula wamekaa. Wakikaa, wanaongea. Wakiongea, wanakawia. Mwaka wa nne majirani wenye maduka wakalalamika kwamba kwetu kumekuwa kijiwe, watu wanakaa mpaka saa tisa na wateja wanaogopa kupita. Kamati ya jiko ikaleta pendekezo: tuondoe meza na mabenchi, tutoboe dirisha, mtu apokee sahani yake dirishani, ale alipo, arudishe sahani, aende zake. Uamuzi ungefanywa kwa kura baada ya wiki sita. Kamati ilikuwa na watu saba. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu wa Tuwan, tukimwita Mwalimu tu, na mimi nilikuwemo kama mpishi mkuu. Aliyekuwa akila pale hakuwemo hata mmoja. Wala hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo la ajabu, mimi nikiwa wa kwanza.

Siku mbili baada ya habari kuenea, Wekesa alikuja mlangoni pa jiko, akavua kofia. Kofia! Sikuwahi kuona kichwa chake.

"Mama Ciru," akasema, "mimi nataka kura."

Mnajua nilifanya nini. Mtu wa Bungoma amesema kura, nikageuza kichwani ikawa kula. Na hata nisingegeuza, kwetu ni neno lile lile. Nikasema, "Karibu, Wekesa, mbona unaomba kama mgeni," nikampakulia. Alitazama sahani, akanitazama mimi, akasema asante, akala.

Kesho yake akarudi. "Mama, ile maneno ya kura."

"Haijatosha?" Nikamwongezea.

Siku ya tatu alinikuta nakoroga. "Mama Ciru, si nilikuambia nataka kura? Na naona siku zinaisha."

Mimi nikasikia siku zinaisha, nikaingiwa na hofu. Nikaona huyu mtu ni mgonjwa, anajua anakufa, anataka ale ashibe kabla. Nikawaambia wasaidizi wangu, "Wekesa akija, muongezeeni, msimwulize." Wakamwongezea. Sahani yake ikawa kilima. Nikimchungulia, naona anagawa nusu kwa jirani zake mezani, nikajiambia, moyo gani huo, anakufa na bado anagawa.

Wenzake wakaanza kunung'unika. "Huyu Wekesa ako na nini na mathe?" kijana mmoja akauliza kwa sauti. "Si sisi pia tunataka double, bana."

Wiki ya nne alikuja na subira imeanza kumwisha. Akasimama wima, akatamka kama mwalimu wa darasa la kwanza: "Ku-ra. Mama. Ku-ra."

"Najua," nikamwambia. "Ku-ra. Hata mimi nikichoka nasema hivyo hivyo. Usione haya."

Alifumba macho kidogo. Kisha akaondoka bila kuchukua sahani.

Hapo nikapata wazo ambalo nikilikumbuka naingiza kichwa chini ya mto. Mtu anakula hivyo na hanenepi, anaomba kula wiki nne mfululizo. Nikaamua ana minyoo. Nikaenda duka la dawa, nikanunua vidonge, nikampa mbele ya watu huku namshika bega. "Meza hizi leo usiku," nikasema, "utapata nafuu." Akavichukua kwa mikono miwili, akaviangalia muda mrefu. Akasema asante.

Siku ya mkutano ikafika. Ilikuwa saa nane mchana, tulikaa ndani, mlango umefungwa. Watatu walisema mabenchi yabaki, watatu wakasema dirisha. Nikabaki mimi. Niwaambie ukweli kwa sababu nimezeeka na sina cha kuficha: nilikuwa nimechoka kufuta meza. Mgongo ulikuwa unauma. Niliwaza jinsi mchana wangu utakavyokuwa mfupi watu wakila na kuondoka. Nikainua mkono upande wa dirisha, nikaushusha haraka.

Kesho yake asubuhi mabenchi yalitakiwa kuingia stoo. Nani ana nguvu za kuyabeba? Nikamwita Wekesa. Ndiyo, mimi. Nilimwambia mtu aliyeyaunda ayatoe, na nikamwambia kwa sauti tamu, "Nisaidie na haya, halafu uje ule."

Aliyabeba yote sita, moja moja. Sikumwona akikunja uso. Alipoweka la mwisho alilipangusa vumbi kwa mkono, akanigeukia.

"Mama Ciru, mimi sikukuomba chakula. Nilikuomba kura. Ya kupiga." Akainua mkono juu, vile nilivyoinua wangu jana yake. "Mkutano wa haya mabenchi. Nilitaka mtu mmoja wetu aingie ndani na apige kura, kama si mimi, mwingine. Wiki sita nilikuambia."

Nakumbuka nilishika fremu ya mlango.

"Na mbona hukusema wazi?" nikamwuliza, na hata nilipokuwa nauliza nilijua ni swali la mjinga.

"Nilisema wazi. Mimi sisemi sufulia, nasema sufuria. Nilisema kura, ilikuwa kura. Ni wewe ulikuwa unanitafsiria." Akavaa kofia yake. "Na ile dawa ya minyoo nilikunywa. Kwa heshima yako. Siku mbili sikutoka mbali na choo."

Hapo nikacheka. Nililia pia, vyote kwa pamoja, na yeye akatabasamu upande mmoja tu, kwa sababu hakuwa amenisamehe bado. Nilimwambia pole. Akasema, "Pole ni sawa, lakini mkutano umeisha." Nami niliumia sana, vijana wangu. Miaka yote nimewanawisha watu mikono, nawajua kwa majina, najua nani hali kabichi, na mtu amesimama mbele yangu wiki sita akiomba kitu kimoja, nami sikuwaza hata siku moja kwamba mtu asiye na nyumba anaweza kutaka kitu kisichoingia kwenye sahani. Nisingizie l na r? Hapana. Angekuwa mwenye duka amekuja kwangu mwezi ule wa mkutano akasema anataka kura, ningesikia kura mara ya kwanza.

Jioni hiyo hiyo nilimpigia Mwalimu simu, nikamweleza yote pamoja na minyoo. Alicheka mpaka akakohoa, halafu akawa mkali.

"Kura imepita, Mama Ciru. Na hawa watu hawana anwani. Wengine hawana hata kitambulisho. Tutajuaje nani ni nani?"

"Mimi najua nani ni nani," nikamwambia. "Nina daftari la majina. Na kura yangu ya jana naitoa, niliipiga kwa sababu ya mgongo." Nikamwambia pia kwamba kama hilo haliwezekani, atafute mpishi mwingine kuanzia Jumatatu. Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Lilitoka lenyewe, na baada ya kukata simu nikaogopa, maana nilikuwa na mwanangu Ciru chuoni.

Mwalimu alinyamaza siku tatu. Siku ya nne akaja jikoni mwenyewe, akakaa chini ukutani kati ya watu, akala ugali wake sahani ikiwa magotini, suruali yake safi ya kijivu ikachafuka mchuzi. Alipomaliza akasema kura itarudiwa, na kila aliye kwenye daftari atapiga.

Tulifanya Jumamosi, uani, mchana kweupe. Makaratasi yangewasumbua wasiojua kusoma, kwa hiyo mimi nikaleta njia ya jikoni. Kila mtu alipewa punje moja ya hindi na punje moja ya haragwe. Hindi ni mabenchi, haragwe ni dirisha. Unaingia nyuma ya gunia tulilotundika, unatumbukiza moja kwenye sufuria yenye mfuniko uliotobolewa, ile nyingine unaitupa ndoo ya pembeni, unatoka. Yule kijana wa kutaka double akauliza, "Na hizi kura mkimaliza kuhesabu, zitapikwa?" Mwalimu akamjibu kwa uso mkavu kabisa, "Hapa kwetu hakuna kupika kura." Watu waliangua kicheko kilichowatoa wenye maduka nje kuja kutazama.

Kabla ya kupiga, kila anayetaka aliruhusiwa kusema. Mimi nilidhani najua watasema nini, kwamba wote watalilia mabenchi. Nafula, mama anayeokota na kuuza chupa, akasimama akasema yeye anataka dirisha. "Mimi mashemeji yangu hupita hapa wakienda soko," akasema. "Sitaki wanikodolee macho nikiwa nimekaa meza ya bure. Nipewe sahani yangu niende nayo kwa kona yangu." Mwingine akasema mabenchi, kwa sababu magoti yake hayakunjiki tena. Mwingine akasema yeye hajali, alikuja kwa sababu ya kusikia jina lake likiitwa. Miaka yote niliyowalisha nilikuwa nasema "watu wetu wanapenda hivi", "watu wetu hawapendi vile". Watu wetu gani? Walibishana pale kama mnavyobishana nyinyi kuhusu zamu za Jumapili.

Wekesa hakusema upande wowote. Alisimama mara moja tu, akainua mkono: "Mwenyekiti, hoja ya utaratibu. Ajenda haijasomwa." Mwalimu akaomba radhi, akaisoma. Ndipo nikajua kwamba huko alikotoka aliwahi kukaa kwenye mikutano, tena si nyuma.

Jina lake lilipoitwa, alivua kofia, akaja mezani, akachagua punje zake mwenyewe. Nilimpa hindi lililotobolewa na dumuzi akalirudisha, akataka zima. Akaingia nyuma ya gunia. Alikaa humo muda mrefu kuliko wote, mpaka foleni ikaanza kumpigia mbinja. Akatoka polepole, mikono nyuma.

Mabenchi yakashinda, wala hayakushinda kwa mbali. Tukakubaliana dirisha nalo litobolewe kwa ajili ya akina Nafula, na ndiyo maana mnagawa sehemu mbili na kulalamika kwamba ni kazi mara mbili. Ni kazi mara mbili. Fanyeni. Na kwenye kamati mmewakuta watu wawili wanaokula pale, wanachaguliwa kila mwaka kwa mahindi na maharagwe. Msije mkawaona ni mapambo.

Jioni ya siku hiyo mabenchi yalirudi uani. Safari hii tuliyabeba mimi na Mwalimu, tukihema kama vyura, na Wekesa amekaa anatuelekeza: shusha, inua, hapo kushoto. Tulipomaliza nilikaa karibu naye. Nilijiona tumepatana sasa, nimelipa kosa langu, naweza kutania. Nikamsukuma kidogo kwa kiwiko.

"Wewe uliweka hindi," nikamwambia. "Si ndiyo? Mabenchi yako haya."

Alinitazama. Hakukasirika. Lakini alikaa vizuri, mgongo ukanyooka, na akanijibu kama mtu anavyomjibu mtu aliye sawa naye.

"Mama Ciru, kura ni siri."

"Hata mimi? Mimi nimekulisha miaka minne, Wekesa."

"Umenilisha, na nashukuru," akasema. "Lakini hii sikuambii."

Nikasubiri acheke. Hakucheka. Alikuwa na kitu chake, na mimi mwenye ufunguo wa stoo, mwenye mwiko na daftari la majina, sikuwa na haki hata ya kukichungulia. Mpaka leo sijui aliweka punje gani kwenye ile sufuria. Mkimkuta kesho saa nne, mnawisheni mikono, mwulizeni awekewe kiasi gani, na hilo lingine msimwulize.